Mvunjiko Wenye Manyoya

Augsburg, upande wa pili wa mto Lech,
mama yake Nurhayat alisokota sufu miaka ishirini na mitatu
mpaka kiwanda kikafungwa
na mashine aliyoijua kwa mlio wake
ikawekwa nyuma ya kamba nyekundu,
watu wakalipa kiingilio kuitazama ikiwa kimya.

Binti naye ameshika uzi,
ila uzi huu hauvaliki.
Mweusi, mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
mia tano katika fungu moja;
ukiukunja kwa pupa unakuachia kidoleni
mwiba usioonekana.
Ni kauri. Ukoo mmoja na kikombe cha chai,
ukoo mmoja na gae analolia mfinyanzi.

Na kauri haiogopi moto.
Inaogopa ufa.
Chuma kikielemewa hupinda, hulalamika, hukupa muda;
kauri ikipata mkwaruzo wa kucha
imekwisha kabla hujasema jamani.

Kwa hiyo wanaifuma.
Kila uzi unavikwa ganda la boroni,
laini, jembamba, karibu si kitu,
kisha kitambaa kinaingia tanurini
na silikoni iliyoyeyuka inanywewa
kama mkate unavyonywa mchuzi:
nyuzi elfu moja na mia nne za joto
juu ya nyuzi zisizohesabika za kauri,
nyuzi kwa nyuzi, na hakuna inayolia.
Kitakachotoka ni kipande cha pete
ya kuzungukia mapanga ya injini ya ndege,
mahali ambapo chuma, hata kikipulizwa upepo,
hulainika kama nta.

Usiku wa Jumanne, zamu ya Wendelin,
vali ya gesi ilikwama. Ganda halikushika.
Hakuna aliyejua.
Kipande kilitoka kizuri, kizuri kuliko vyote,
uzi na jiwe vimeng'ang'aniana
kama maharusi wa jana.
Mhandisi Oberlechner alikigonga kwa kalamu, akatabasamu.

Nurhayat akakilaza kwenye mashine ya kukunja,
akabandika vipaza sauti viwili, akavaa miwani.
Wakangoja ule mlio mdogo,
tik,
tik tik,
wa nyufa zinazotafuta njia.
Kimya.
Mzigo ukaongezwa.
Kimya.
Pa!
Vipande viwili. Uso wa mvunjiko
laini kama sabuni iliyokatwa kwa waya.

"Kilishikana mno," akasema,
na Oberlechner akatazama kalamu yake.

Cha Alhamisi kilianza kunung'unika mapema.
Tik. Ufa ukaingia, ukakuta uzi,
ganda likateleza, ufa ukapinda kando;
ukakuta uzi mwingine, ukapinda tena,
ukagawanyika, ukachoka,
ukawa nyufa elfu ndogo zisizo na nguvu ya kuua.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa.
Hapa ufa unakaribishwa ndani
na kupotezwa vichochoroni
kama mgeni asiye na anwani.

Kilikatika, ndiyo, mwishowe kila kitu hukatika.
Lakini kilikatika kwa shingo upande,
na mvunjiko ulikuwa na manyoya:
nyuzi zimechomoza kama ndevu za mahindi,
kila mmoja umeachia mahali pake,
kwa wakati wake.

Jumapili alikifunga kwenye leso akampelekea mama.
Mama ana miaka themanini na moja,
sikio moja limebaki kwa mashine.
Alikigeuza, akapitisha ukucha juu ya manyoya.

"Huu uzi mmeulegeza."
"Makusudi, mama."
"Makusudi!"

Akacheka mpaka meno ya bandia yakayumba.
"Sisi tulikatwa mshahara kwa hilo."

Kisha akakitia katika kopo la vifungo,
akafunika,
akaanza kunyonya kidole
kilichochomwa na mwiba asiouona.